Kanga Iliyofanywa Siri ya Taifa

Nchi ninayoisimulia haipo. Nimeapa mbele ya hakimu kwamba haipo, na hakimu akaandika kwamba kweli haipo, kisha akanitoza faini kwa kuisema vibaya. Kwa hiyo ukiona mahali panafanana na kwenu, msomaji, jilaumu mwenyewe kwa kuzaliwa hapo.

Nchi hiyo isiyokuwapo ina kinu cha atomu. Kiko Kitopeni, nyuma ya ukuta mrefu uliojengwa na mkandarasi ambaye ni shemeji wa mtu. Kinatoa umeme, tuliambiwa, lakini kiasi chake ni siri na unakokwenda ni siri. Ndiyo maana Kitopeni wenyewe bado wanawasha vibatari: Serikali haikutaka adui apite, aone taa, akisie.

Siku ya uzinduzi nilikuwapo, nami kitu nikikiona hakinitoki. Mgeni rasmi alikuwa Dokta Pazi Mwinyikondo, Waziri wa Nguvu Zisizoonekana, yule yule ambaye alipokuwa Waziri wa Mifugo aliagiza ng'ombe wa maziwa kwa ndege wakashuka madume watupu. Alipohojiwa alijibu kwamba maziwa ni suala la subira. Wengine wamesahau. Mimi bado nasubiri maziwa.

Sasa, katika nchi hiyo jambo lisilo na kanga halijafanyika. Wakifungua zahanati, kanga. Wakiifunga, kanga. Kwa hiyo Kamati ya Kanga ya Kinu iliundwa kabla ya Kamati ya Usalama, na ikakaa vikao vingi zaidi. Maneno ya kanga yaligombewa hadi watu wazima wakanuniana, mwishowe yakapita haya: TUNACHO WENYEWE, WENYE WIVU MJIKAZE. Ikabaki picha. Kamati ikaiomba wizara picha nzuri ya kinu. Wizara haikuwa nayo, kwani kupiga picha pale ni marufuku. Ilikuwa na mchoro wa mafundi tu. Ikatoa huo.

Kiwanda cha nguo kikauchapa wote katikati ya kanga: kinu, mabomba, ukuta, mto na kona yake, Jiwe la Fisi, njia ya shule. Na mahali ambapo mafundi walikuwa wamechora alama ya hatari ya mionzi, kile kiduara chenye majani matatu mapana, ya rangi ya njano na nyeusi, mchapaji aliona ni ua. Akalipendezesha. Akaliongezea kikonyo.

Wanawake walipagawa nalo. Kanga ikaitwa Ua la Kitopeni. Ua likatarizwa kwenye foronya na kofia za watoto, likafumwa kwenye vitambaa vya meza, na hadi leo hakuna bibi harusi wa wilaya ile anayetoka ndani bila kuchorwa hina ya ua hilo viganjani. Mtaalamu mmoja wa kigeni alialikwa harusini, akapewa mkono na bibi harusi, akakitazama kiganja, akaondoka bila kula. Watu wakasema wageni hawana adabu.

*

Kisima cha Kitopeni kilibaki ndani ya ukuta siku ukuta ulipojengwa. Wanawake wakawa wanachota mtoni, mpaka mto nao ukachoka. Mwenyekiti wa kamati ya maji alikuwa Bi Sihaba Mwinchande, mjane mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo. Alihangaika ofisi hata ofisi mpaka akaazimwa mtambo wa kuchimba visima, pamoja na fundi wake, mtu mpole aitwaye Gwao. Mtambo ulikuwa unasubiriwa na wilaya ya jirani, ambayo ilikuwa inapiga simu kila asubuhi kuusalimia.

Afisa wa maji wa wilaya akaja, akatembea kidogo, akapigilia kigingi katika bonde lenye majani mabichi. Akasema: hapa.

"Hapa mbuzi hawali," alisema Bi Sihaba.

"Mbuzi si wataalamu, mama."

Ila kila mtu Kitopeni alijua kwamba taka za kinu zilizikwa mahali fulani nje ya ukuta. Waliyasikia malori yakitoka mazito na kurudi mepesi, siku walizoamriwa wakae ndani na kufunga madirisha. Wapi hasa, hawakujua. Mwanzoni paliwekwa mabango ya hatari, lakini yaling'olewa kabla majani hayajaota, kwani bango linaloonyesha siri ilipo linatoa siri.

Fundi Gwao akakizunguka kile kigingi, mikono nyuma.

"Mama Mwenyekiti, mimi nachimba popote nilipoambiwa," alisema. "Lakini nikiyatoboa hayo madude yakaingia kwenye maji, mtakunywa nini? Na mtaanza kumzika nani?"

"Niachie mpaka nirudi," akasema Bi Sihaba.

Alikuwa na kanga moja ya sandukuni, Ua la Kitopeni, ambayo haikutoka ila kwa safari kubwa. Za wenzake zilikwisha zamani: zilibeba watoto, zikawa nepi, zikawa za kushikia sufuria, na katika hizo ua lilibaki lakini mito na njia zilifulika zikafutika. Yake ilikuwa inang'aa kama jana. Akajitanda hiyo, akaenda mji mkuu kuuliza.

Afisa wa wizara alimpokea vizuri, hata kiti alimpa.

"Taka zimezikwa mahali salama kabisa, Bi mkubwa."

"Mahali gani, mwanangu?"

"Salama."

"Nataka kuchimba kisima."

"Usichimbe hapo."

"Hapo wapi?"

"Hapo zilipozikwa. Kuchimba hapo ni kifungo cha miaka thelathini."

"Basi nionyeshe nipaepuke."

"Bi mkubwa, kuna sheria mpya inapita leo. Kuuliza ni miaka hamsini." Akainama, akashusha sauti kwa huruma ya kweli. "Nakushauri kama mama yangu. Bora uchimbe tu."

Bi Sihaba akauliza sheria hiyo inapitia mlango gani. Akaonyeshwa Bunge, ng'ambo ya barabara.

*

Ulikuwa Muswada wa Kulinda Siri za Atomu na Mambo Yanayokaribiana Nayo. Kila mbunge alipewa nakala yake ndani ya bahasha iliyofungwa kwa lakiri, na ikatangazwa kwamba atakayefungua atashtakiwa kwa kifungu kilichomo ndani.

Bi Sihaba akakaa katika viti vya wageni, juu, akakusanya kanga yake mabegani.

Mchangiaji wa kwanza aliinuka akafunga kifungo cha koti. "Mheshimiwa Spika, naunga mkono hoja hii kwa asilimia mia moja. Sijaisoma. Na nataka Bunge lako tukufu lielewe kwamba kutoisoma ndiko kulikonipa uhuru wa kuiunga mkono."

Meza zikapigwa makofi.

Wa pili alitaka kujua adui tunayemficha siri ni nani. Dokta Pazi akajibu kwamba jina la adui haliwezi kutajwa, maana mwenyewe hajui kwamba ni adui, na akijua anaweza kukasirika.

Wa tatu alikuwa mgeni bungeni, bado ana haya. Akauliza kama kinu chenyewe kinafanya kazi.

"Mheshimiwa Spika," alisema Dokta Pazi, akishika ukosi, "nikisema kinafanya kazi, dunia itajua tunacho. Nikisema hakifanyi kazi, dunia itajua hatuna. Serikali yenu sikivu, baada ya kutafakari kwa kina, imeamua jambo hilo lisijulikane kabisa. Hata mimi nimejikataza kulijua. Na michoro yote ya kinu pale wizarani tumeikatakata kwa mashine, nakala ya mwisho nikiisimamia mwenyewe. Siri isiyokuwapo, nani ataiiba?"

Meza zilipigwa hadi glasi za maji zikahama.

Hapo ndipo aliposimama Mheshimiwa Shomvi, mbunge wa Kitopeni. Shomvi alikuwa hajafika Kitopeni tangu kampeni, kwa sababu ya vumbi. Lakini alikuwa amegeuka kidogo, akamwona Bi Sihaba kule juu akimtazama kisogo, na kisogo kikaanza kumwasha. Ikabidi aseme chochote.

"Mheshimiwa Spika, mimi naunga mkono. Ila wapiga kura wangu wangependa kusikia, je, imewahi kuvuja siri hata moja? Waziri atupe mfano. Mmoja tu, mdogo."

Dokta Pazi ana udhaifu wa zamani. Ukimwomba mfano, hawezi kukunyima.

"Nashukuru kwa swali zuri. Mfano si mdogo, Mheshimiwa Spika, mfano ni mkubwa na unatembea barabarani. Wapo watu katika nchi hii wanaojifunga siri za taifa kiunoni. Wapo wanaobebea watoto siri za taifa. Nazungumzia kanga. Ile iitwayo Ua la Kitopeni ni mchoro halisi wa kinu. Na lile ua, waheshimiwa wabunge, si ua. Ni alama ya shimo la taka za mionzi. Lilipo kwenye kanga, ndipo lilipo ardhini. Wananchi hawalijui jambo hilo, na hawapaswi kulijua milele."

Akakaa, akanywa maji. Kikao kilikuwa kinarushwa moja kwa moja na redio ya taifa.

"Mheshimiwa Waziri," alisema Spika polepole, "haya uliyoyasema ni siri?"

"Ni siri kubwa sana."

"Sasa umeyasema ya nini?"

"Nimeulizwa mfano, Mheshimiwa Spika."

Spika akaamuru redio izimwe na maneno yafutwe kwenye kumbukumbu. Kisha, kwa kuwa mbunge mmoja alionya kwamba kumbukumbu nyingine zimo vichwani, ikatolewa hoja ya dharura kwamba Bunge lisahau. Wanaoafiki wakasema ndiyo. Wakashinda. Yule mbunge mgeni akauliza walichopigia kura ni kitu gani, na Spika akamsifu kwa kuwa wa kwanza kutii.

*

Bi Sihaba alikuwa hasikii tena yanayosemwa chini. Alikuwa ameshusha kanga begani, ameikunjua magotini, anatafuta ua.

Alikuwa ameliona tu, hajaona lina jirani gani, pale mbunge mmoja aliponyoosha kidole juu. "Kuhusu utaratibu, Mheshimiwa Spika. Siri yenyewe ile pale, imekaa kwenye kiti cha wageni."

Mpambe wa Bunge, yule anayebeba siwa, akaagizwa akailete. Akapanda ngazi na siwa yake begani. Alipofika akaona haya, maana ni mtu aliyelelewa.

"Bi mkubwa, shikamoo. Naomba kanga."

"Marahaba. Ndani ya kanga hii pana gauni, mwanangu, na gauni limechanika mgongoni. Ukiichukua nitawaonyesha siri nyingine."

Spika akafungua kanuni za mavazi. Zilisema mgeni wa kike sharti asitiriwe. Muswada nao, kwa waliobahatika kuuota, ulisema kanga itwaliwe. Mmoja akashauri igeuzwe ndani nje. Mbunge mama akamwuliza kama amewahi kuishika kanga maishani, kwani kanga inaonekana pande zote mbili. Ikashauriwa wabunge wageuke wao. Wakageuka, wakawa wanautazama ukuta, ila Waziri hakuweza kuendelea na hoja akitazamwa na visogo.

"Kwa mujibu wa mamlaka niliyonayo," akasema Spika, jasho likimtoka chini ya joho, "kanga hiyo ni nyaraka ya siri. Na kwa kuwa haitenganiki na aliyeivaa, aliyeivaa naye ni nyaraka."

Bi Sihaba akainuka. "Kama ni hivyo nina neno."

"Mgeni haruhusiwi kusema humu."

Shomvi, sijui shetani gani alimpanda, labda kisogo kilikuwa bado kinamwasha, akasimama. "Mwongozo, Mheshimiwa Spika. Si mgeni tena. Ni nyaraka. Na kanuni zetu zinaruhusu nyaraka kusomwa."

Spika akatafuta, akatafuta, hakuona pa kukataa. "Basi isomwe. Kwa ufupi."

Nyaraka ikajisoma yenyewe, kwa sauti ile ya kuita ng'ambo.

"Kijiji changu hakina maji. Mtambo uko uwanjani na fundi ananisubiri. Mmezika sumu chini ya miguu yetu na sijui ni wapi. Siombi kujua kinu chenu kinafanya nini. Naomba kujua nisiwapigie wajukuu zangu kisima cha mauti. Hilo ua liko upande gani wa Jiwe la Fisi?"

Dokta Pazi alikuwa anapanga karatasi zake, ambazo hazikuwa na kitu.

"Nyaraka imesikika," alisema Spika. "Itahifadhiwa."

Wakavua kitambaa cha kijani cha meza kubwa ya Bunge, wakamfunika, wakaichomoa kanga kwa chini. Muswada ukapita kwa kauli moja. Bi Sihaba akarudi Kitopeni amejitanda kitambaa cha meza ya Bunge, chenye alama za glasi.

*

Serikali hiyo ni nzito kuleta maji, lakini kuchukua nguo ilikuwa nyepesi. Bi Sihaba alipofika kijijini malori yalikwishafika. Nepi zilitwaliwa, mbeleko, foronya, kofia za watoto. Bibi harusi mmoja aliamriwa avae soksi mikononi mpaka hina itoke. Vyote vikarundikwa vikawa kilima cha siri, na amri kutoka juu ikasema siri zizikwe pamoja na siri nyingine, katika shimo lile lile la taka, ambalo ndilo mahali salama kuliko pote nchini.

Hapo pakatokea kikwazo kidogo. Shimo lilikuwa wapi?

Msimamizi wa msafara akapiga simu wizarani. Wizara ikatafuta michoro, ikakumbuka mashine. Ikabaki nakala moja tu inayosomeka katika Jamhuri nzima, nayo ililetwa kwa gari lenye king'ora, imekunjwa vizuri. Msimamizi akaitandaza juu ya boneti, akaigeuza hivi, akaigeuza vile.

Alikuwa ni yule afisa aliyempa Bi Sihaba kiti.

"Bi mkubwa, samahani kidogo. Hili Jiwe la Fisi ni lipi?"

Bi Sihaba alikuwa anaitazama kanga yake. "Mmeipiga pasi," alisema.

"Tumeipiga, ndiyo. Jiwe liko wapi?"

"Kuuliza ni miaka hamsini, mwanangu."

Wanawake wakacheka ndani ya viganja vyao. Afisa akajifuta shingo.

"Bi mkubwa, tusaidiane. Wakubwa wananisubiri."

"Na mimi wadogo wananisubiri. Nitakupeleka, ila Fundi Gwao aje, na kijiji kije."

"Haiwezekani, ni siri."

"Basi tafuta jiwe. Yako mengi, anza na lile."

Walikwenda wote. Mbele Bi Sihaba, nyuma yake afisa na kanga ameinyanyua mbele ya uso kama mtu anayesoma gazeti, nyuma yao wanajeshi, malori, na Kitopeni nzima. Walifika kwenye Jiwe la Fisi. Wakaipata kona ya mto. Afisa akahesabu hatua zake kimoyomoyo, kidole kikitembea juu ya kitambaa, njia ya shule hii, mto ule, mpaka mguu wake ukajikwaa.

Alikuwa amejikwaa kwenye kigingi.

Fundi Gwao akakitazama kigingi, akatazama ua chini ya kidole cha afisa. Akavua kofia. Bi Sihaba alimshika mtoto aliyekuwa karibu, wa nani sijui, akamvuta nyuma.

"Ni salama kabisa hapa," alisema afisa, na akaamuru wachimbe.

Jembe la kwanza likaingia kwenye udongo laini. La pili likagonga bati.

Nimeishi nikiiona Serikali hiyo ikitembea, ikikaa, ikilala. Siku ile niliiona inakimbia, na ina mbio. Afisa aliwapita wanajeshi wake mwenyewe penye mteremko. Walirudi baadaye wamevaa manailoni kichwani, wakafukia, wakajenga ukuta mwingine, na juu yake wakaandika kwamba hapa hapana kitu. Lakini katika zile mbio kanga iliangukia njiani, na Bi Sihaba akaiokota, akaikung'uta, akaitia kwapani.

Gwao akahamisha mtambo, akaupeleka juu kabisa, upande wa pili wa kilima, mbuzi wanakokula. Alichimba sana. Yakatoka maji.

*

Basi maji yakitoka, lazima yazinduliwe, na aliyekuja kuyazindua ni nani? Mimi nawataja tu kama wanavyokuja.

Dokta Pazi alisimama chini ya turubai akaeleza jinsi Serikali yenu sikivu, baada ya kutafakari kwa kina, ilivyowaongoza wananchi wa Kitopeni kuchagua mahali salama. Shomvi alikuwa pembeni yake, anajifuta vumbi. Kisha Waziri akatangaza kwamba hakuja mikono mitupu. Kaja na kanga.

Vigelegele vikaanza. Marobota yakafunguliwa. Vigelegele vikafa.

Kwa mujibu wa sheria mpya, ramani ilikuwa siri, kwa hiyo haikuchapwa. Picha ya kisima ilikuwa siri. Ua lilikuwa siri. Maneno yalipendekezwa, Kamati ya Usalama ikayaona yana habari ndani, yakaondolewa. Kilichobaki ni kitambaa cheupe, kipya, kirefu, kisicho na pindo wala picha wala neno. Katika nchi hiyo, na nadhani hata katika nchi zilizopo, kitambaa cha namna hiyo kina kazi moja, na anayevikwa hajifungi mwenyewe.

Waziri hakuona kitu. Alikuwa anatabasamia kamera. Akachukua cha juu, akamkabidhi mwenyekiti wa kamati ya maji.

Bi Sihaba alikipokea kwa mikono miwili, kama inavyopasa. Alikuwa amejitanda kanga yake, mbele ya waziri na wanajeshi, ua likiwa begani. Akakipima kile kitambaa kwa mkono, kutoka ncha ya kidole hadi kifuani.

"Hiki ni cha nani, Mheshimiwa?"

"Chenu, mama. Kila mtu na chake. Wakubwa kwa watoto."

"Kila mtu?"

"Hakuna atakayekosa."

Wazee walikuwa wameinamisha vichwa. Mama mmoja alimfunika mwanawe macho. Bi Sihaba akakikunja kitambaa polepole, pembe kwa pembe, akamsogelea Waziri, akamwekea begani juu ya suti, akakilaza vizuri kisianguke.

"Tutunzie wewe, baba," alisema. "Sisi kwanza tunakunywa maji."

Akaenda kwenye bomba, akafungua.